Upendeleo wa uwanja: Hesabu inayozitatiza programu za kukadiria mbio za farasi

UPENDELEO wa uwanja ni hali ambapo sehemu fulani ya njia ya mbio, au mtindo fulani wa kukimbia, humpa mshindani nafuu ambayo wenzake hawana, bila ya nafuu hiyo kutokana na nguvu au kasi yake mwenyewe. Katika mbio za farasi, nafuu hiyo huweza kutokana na kona kali, nyasi zilizokanyagwa upande mmoja, mvua iliyotuama karibu na uzio, au kizimba ambacho farasi amepangiwa kuanzia. Programu za tarakilishi zinazotumiwa kukadiria nani atashinda hulazimika kuitoa nafuu hiyo katika rekodi ya kila farasi kabla ya kumlinganisha na mwingine. Hapo ndipo nyingi hukwama.

Kwa juujuu, suala hili laonekana kuwa la wamiliki wa farasi na watu wachache wanaofika katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Lakini simu ya mkononi imelifikisha mbali. Mkazi wa Ikonge katika Kaunti ya Nyamira, ambaye shughuli zake za kila siku ni majani chai, ndizi na soko, aweza leo kuweka pesa zake katika mbio zinazofanyika Uingereza au Afrika Kusini, na hata katika mbio ambazo hazifanyiki popote ila ndani ya tarakilishi. Pamoja na kamari hiyo huja wauzaji wa utabiri, wanaodai kwamba wana programu iliyokwisha kupiga hesabu zote, za uwanja zikiwamo. Anayetaka kujua iwapo dai kama hilo lina msingi hana budi kufahamu kwanza kazi yenyewe hufanywaje.

Wenyeji wa Gusii wana mfano wao wa kuanzia, na wala hauna farasi ndani yake.

Mnamo Oktoba 13, 1968, Naftali Temu, mwana wa jamii ya Abagusii, alishinda mbio za mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Alitumia dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Ron Clarke wa Australia, aliyokuwa ameiweka mwaka wa 1965 kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Mtu aliyeangalia saa peke yake angesema kwamba Temu alikuwa mkimbiaji wa kawaida, aliyeachwa na rekodi kwa takriban dakika moja na sekunde 48. Lakini Clarke mwenyewe alikuwamo katika mbio hizo za Mexico. Alimaliza katika nafasi ya sita na kuanguka akiwa hoi.

Mji wa Mexico City uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, ilimpunguzia kila mkimbiaji wa masafa marefu kasi, hivyo saa za siku hiyo hazikuweza kulinganishwa na saa za miji ya chini. Pili, haikuwapunguzia wote kwa kiasi sawa, kwani waliozaliwa na kulelewa katika nyanda za juu waliumia kidogo kuliko waliotoka pwani na mabondeni. Jambo la kwanza ni uzito wa uwanja. La pili ndilo upendeleo wa uwanja. Wengi huyachanganya, na programu isiyoyatenganisha hutoa majibu ya ovyo.

Mfano mwingine ni wa Aprili 2011, pale Geoffrey Mutai alipokimbia marathoni ya Boston kwa saa mbili, dakika tatu na sekunde mbili. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia umbali huo kwa kasi hiyo, lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Kanuni za riadha zinataka njia isiteremke zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, na mahali pa kuanzia na pa kumalizia pasitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Njia ya Boston inavunja masharti yote mawili, na siku hiyo upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma. Septemba mwaka uo huo, Patrick Makau aliweka rekodi iliyotambuliwa jijini Berlin kwa saa mbili, dakika tatu na sekunde 38, ingawa kwa saa tupu alikuwa nyuma ya Mutai kwa sekunde 36. Wasimamizi wa riadha waliamua kuikataa njia nzima badala ya kujaribu kukadiria mteremko na upepo vilikuwa na thamani ya sekunde ngapi. Mkadiriaji wa farasi hana anasa hiyo. Yeye hulazimika kutaja sekunde.

Kona na uzio

Hata mwanafunzi wa shule ya msingi aliyewahi kushindana mita 400 anajua kwamba wakimbiaji hawaanzi wakiwa wamejipanga sambamba. Wa njia za nje huwekwa mbele ya wa ndani. Sababu ni kwamba anayezunguka kwa nje hukimbia umbali mrefu zaidi, na njia yenye upana wa mita 1.22 humwongezea takriban mita 7.67 katika mzunguko mmoja kamili. Riadha, kwa hiyo, hulipa fidia ya upendeleo huo kabla bastola haijalia.

Mbio za farasi hazina fidia hiyo. Wote huanza katika mstari mmoja wa vizimba, na kila mmoja hutafuta njia yake. Hesabu ya kona ni nyepesi. Farasi anayepinda nusu duara akiwa mita moja nje ya mwenzake huongeza mita 3.14, hata kona iwe pana au finyu kiasi gani. Akiwa mita tatu nje, huongeza mita 9.4. Urefu wa farasi mmoja, ambao ndio kipimo cha desturi cha kutaja umbali kati ya farasi wanapomaliza, ni takriban mita 2.4. Farasi aliyezunguka kona mita tatu nje na kushindwa kwa urefu wa farasi wawili alikimbia umbali mkubwa kuliko aliyemshinda, na huenda ndiye aliyekuwa na kasi zaidi siku hiyo.

Ubora wa ardhi ni mgumu zaidi kuhesabu. Katika viwanja vya nyasi, kila anayeendesha farasi hutaka kuwa karibu na uzio wa ndani ili kupunguza umbali. Baada ya wiki kadhaa, sehemu hiyo huchakaa kwa kukanyagwa. Mvua ikinyesha, maji hutuama hapo, na faida ya kukata kona humezwa na tope. Ndipo waendeshaji werevu huanza kuwapeleka farasi wao nje, kwenye nyasi zilizo imara, wakikubali kuongeza mita chache ili wapate kwato zisizozama. Wasimamizi nao huusogeza uzio mara kwa mara ili nyasi zipumzike, na siku uzio unaposogezwa, mengi yaliyokuwa yakijulikana kuhusu njia ya ndani hubadilika.

Kuna pia upendeleo wa mtindo wa kukimbia. Uwanja wenye kona kali na sehemu fupi ya mwisho huwafaa wanaotangulia mapema, kwa sababu walio nyuma hawapati nafasi ya kutosha kuwafikia. Uwanja wa Chester nchini Uingereza, ambao historia yake yaanzia 1539, ni mfano unaotajwa sana. Mzunguko wake unazidi maili moja kwa kiasi kidogo tu, karibu wote ni kona, na katika mbio fupi farasi aliyepangiwa kizimba cha ndani huanza akiwa na nafuu iliyo wazi kwa kila mtu.

Historia fupi ya hesabu

Ngong si uwanja mpya. Mbio za farasi zilianza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na katika enzi ya ukoloni miji mingine ya nyanda za juu kama vile Nakuru na Eldoret ilikuwa na mbio zake. Uwanja wa Ngong, ulio kando ya msitu katika barabara ya jina hilo, umetumika tangu 1954 chini ya usimamizi wa Jockey Club of Kenya. Mbio kuu ya humo, Kenya Derby, hukimbiwa kwa mita 2,400.

Si kila mbio huwakutanisha farasi kwa masharti ya namna moja. Katika zile za uzani wa kusawazisha, farasi aliyeonyesha nguvu zaidi hubebeshwa uzani mkubwa zaidi, ili kwa nadharia wote wafike pamoja. Afisa anayegawa uzani huo ndiye mkadiriaji wa asili, na kazi yake ilikuwapo kabla ya tarakilishi. Katikati ya karne ya 19, Admirali Henry Rous wa Uingereza aliweka viwango vya uzani kulingana na umri wa farasi na umbali wa mbio, na msingi wa viwango hivyo ungali unatumika. Afisa huyo akimhukumu vibaya farasi aliyebebwa na uwanja, humwongezea uzani asiostahili, na mwenye farasi hulipa gharama hiyo katika mbio tatu au nne zifuatazo. Yaani kosa la hesabu humwumiza hata mtu asiyeweka kamari.

Mcheza kamari naye alianza kuunda vipimo vyake. Mwaka wa 1975, mwandishi Andrew Beyer wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu kukadiria farasi kwa kasi yao, na akaeneza wazo la kutafuta kwanza uwanja ulikuwa mwepesi au mzito kiasi gani siku hiyo. Mwaka wa 1986, Ruth Bolton na Randall Chapman walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi ya kutumia takwimu kukadiria uwezekano wa kila farasi kushinda dhidi ya wenzake wa mbio hiyo hiyo. Mbinu hiyo ilichukuliwa na William Benter, Mmarekani aliyehamia Hong Kong katika miaka ya themanini, na ambaye ripoti yake ya 1994 ndiyo maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu programu iliyofanikiwa kweli katika kazi hii.

Kutenganisha uzito na upendeleo

Programu huanza na uzito wa uwanja. Kwa kila umbali na kila daraja la farasi kuna saa ya kawaida, inayotokana na mbio nyingi zilizopita. Mbio za siku husika hulinganishwa na saa hiyo. Tuseme mbio tano za Jumapili moja zilipitisha saa ya kawaida, kwa kila mita 1,000, kwa sekunde 1.4, 1.1, 1.6 na 1.3, huku moja ikiwa chini yake kwa sekunde 0.2. Wastani ni sekunde 1.04. Lakini ile mbio moja ya kasi huenda ilikuwa na farasi wa ajabu, au saa ilibonyezwa vibaya, na imeuvuta wastani mzima. Thamani ya katikati, yaani ile inayobaki katikati zikipangwa kwa ukubwa, ni 1.3, na programu nzuri huielekea hiyo. Ikiwa mvua ilinyesha baada ya mbio ya tatu, kama inavyotokea alasiri za Aprili jijini Nairobi, basi hesabu moja ya siku nzima haifai na siku yapaswa kugawanywa mara mbili.

Baada ya hapo ndipo upendeleo hutafutwa. Swali sasa ni hili: ukishamwondolea kila farasi uzito wa siku, je, waliopita ndani walifanya vyema kuliko walivyotarajiwa, na waliopita nje walifanya vibaya? Neno 'walivyotarajiwa' ndilo lenye uzito. Haitoshi kuhesabu washindi wa upande wa ndani, kwa kuwa yawezekana farasi bora watatu wa siku hiyo walipangiwa huko kwa bahati. Kila mmoja sharti alinganishwe na kiwango chake mwenyewe cha awali.

Sehemu inayopotosha programu nyingi ni kwamba marekebisho yenyewe hufanywa mara mbili, na kwa pande zinazopingana. Mara ya kwanza ni kwa rekodi iliyopita, ambapo aliyependelewa hupunguziwa sifa na aliyeonewa huongezewa. Mara ya pili ni kwa mbio ijayo, ambapo atakayependelewa huongezewa matumaini.

Chukua farasi wawili. Wa kwanza alipita ndani na kumshinda wa pili kwa urefu wa farasi wawili, siku ambayo njia ya ndani ilikuwa na nafuu ya urefu wa farasi watatu. Rekodi ikisafishwa, wa pili ndiye bora kwa urefu mmoja. Wakikutana tena wakati uzio umesogezwa na ardhi ni sawa kote, wa pili ndiye wa kutarajiwa. Lakini wakikutana katika hali ile ile ya kwanza, wa pili akiwa nje tena, atashindwa tena kwa urefu wa farasi wawili ingawa ndiye bora. Programu inayosafisha rekodi na kusahau kutazama mbio ijayo itakosea katika hali hii ya mwisho. Inayotazama kizimba cha mbio ijayo bila kusafisha rekodi itahesabu nafuu ya ndani mara mbili, kwa kuwa nafuu hiyo tayari imo katika saa ya farasi wa kwanza. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi, na halionekani kwa urahisi kwa sababu utabiri wake mara nyingine hutimia.

Mbio nane hazitoshi

Macho ya binadamu huona upendeleo hata pale ambapo haupo. Tuseme siku ina mbio nane, kila moja ina farasi 12, na mshindi wa mbio tano ametoka katika vizimba vinne vya ndani. Watazamaji wote wataondoka wakisema kwamba njia ya ndani ilikuwa dhahabu. Hata hivyo, kama uwanja ungekuwa sawa kabisa na farasi wote wenye uwezo sawa, theluthi moja ya ushindi ingetoka huko kwa bahati tu, na siku zenye washindi watano au zaidi wa upande wa ndani zingetokea takriban mara tisa katika kila siku 100. Karibu siku moja katika kila 11, kwa hiyo, uwanja usio na hila yoyote utaonekana kuwa na hila.

Linganisha na mbio 90 zilizotoa washindi 45 wa upande huo, badala ya 30 waliotarajiwa. Kiwango hicho ni asilimia 50, chini ya kile cha siku moja cha asilimia 62.5, lakini uwezekano wa kutokea kwa bahati tupu ni chini ya mara moja katika elfu. Ushahidi mdogo wenye kelele nyingi ni dhaifu kuliko ushahidi mkubwa wenye sauti ya chini.

Ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa uangalifu haikubali upendeleo ulioonekana kwa ukamilifu wake. Huupunguza kwa kadiri ya idadi ya mbio. Njia moja ni kuigawa idadi ya mbio zilizopo kwa idadi hiyo ikijumlishwa na namba maalumu, tuseme 40. Kwa mbio nane, jibu ni moja juu ya sita. Hivyo tofauti iliyoonekana ya asilimia 29 hupunguzwa hadi karibu asilimia tano, na makadirio ya upande wa ndani huwa asilimia 38 badala ya 62.5. Kwa mbio 90, jibu ni 0.69, na makadirio huwa takriban asilimia 45. Namba hiyo ya 40 haitoki mbinguni. Huchaguliwa kwa kuijaribu programu kwenye mbio ambazo haikupewa wakati wa kuiunda. Mtengenezaji anayejisifu kwa jinsi programu yake ilivyotabiri mbio zile zile alizoitumia kuifundisha ni kama mwalimu aliyewapa wanafunzi majibu kisha akatangaza kwamba shule yake imeongoza katika wilaya.

Idadi kubwa ya mbio nayo ina hatari yake, kwani uwanja haubaki ule ule. Katika Keeneland, jimbo la Kentucky nchini Marekani, njia ya udongo ilijulikana kwa miaka mingi kuwapendelea farasi wanaotangulia wakiwa karibu na uzio. Mwaka wa 2006, udongo huo uliondolewa na badala yake ukawekwa mchanganyiko wa mchanga, nyuzi na mpira uliopakwa nta. Upendeleo wa zamani ukatoweka. Mwaka wa 2014, uwanja huo ulirejea kwenye udongo, ukiwa umejengwa upya. Programu iliyokuwa ikichanganya miaka yote katika kapu moja ilikuwa ikipima viwanja vitatu tofauti kana kwamba ni kimoja.

Benter na bei ya umma

Benter aliandika kwamba mbio kati ya 500 na 1,000 zinahitajika kwa uchache kabla ya programu ya namna hii kuaminika. Hong Kong ilimfaa kwa sababu ya mazingira yake: kundi moja la farasi wanaokutana mara kwa mara, katika viwanja viwili tu, Happy Valley na Sha Tin, na rekodi zilizohifadhiwa kwa makini. Licha ya hayo yote, aligundua kwamba programu yake ikiachwa peke yake ilikuwa ikijiamini kupita kiasi. Alilazimika kuichanganya na bei za umma, yaani odi zinazotokana na pesa zilizowekwa na wachezaji wengine wote, kwa kuwa umati huo ulijua mambo ambayo hayakuwa katika takwimu zake.

Hili lina maana kubwa kwa upendeleo wa uwanja. Upendeleo unaojulikana na kila mtu, kama ule wa Chester, tayari umo katika bei. Farasi wa kizimba cha ndani hushinda mara nyingi, lakini malipo yake ni madogo kwa kiasi hicho hicho. Programu yaweza kuukadiria upendeleo kwa usahihi kamili na bado mwenyewe akapoteza pesa, hasa ikizingatiwa kwamba msimamizi wa kamari hukata sehemu yake kabla ya kuwalipa washindi. Faida hutoka katika tofauti kati ya makadirio ya programu na makadirio ya umma, na tofauti hiyo ni nyembamba. Mtu aliyeipata hana sababu ya kumuuzia mwenzake kwa shilingi chache kupitia simu.

Mbio zisizo na ardhi

Suala hili huwa zito zaidi katika zile mbio za kuigiza zinazoonyeshwa kwenye runinga za vibanda vya kamari na katika simu, ambazo hufuatana kwa dakika chache tu usiku na mchana. Farasi huonekana wakikimbia, kona zipo, uzio upo na hata vumbi huonekana likitimka. Lakini mshindi huamuliwa na namba za nasibu zinazotolewa na tarakilishi, na picha huja baadaye kuonyesha kilichokwisha kuamuliwa. Hapana nyasi za kuchakaa wala mvua ya kutuama. Matokeo ya mbio moja hayana uhusiano na ya iliyotangulia, na odi hupangwa na mwenye mchezo ili sehemu fulani ya pesa zote ibaki kwake.

Yote yaliyoelezwa hapo juu, kuanzia thamani ya katikati hadi mbio 500 za Benter, hayana kazi hapa. Mtu anayeandika katika daftari kwamba namba nne imeshinda mara tatu tangu asubuhi anarekodi bahati. Kwa kijana wa Ikonge ambaye familia yake hungoja bonasi ya majani chai mara moja kwa mwaka, tofauti kati ya mbio halisi na mbio za kuigiza ni tofauti kati ya mchezo ambao maarifa yaweza kusaidia kidogo na mchezo ambao maarifa hayana mlango wa kuingilia. Programu inayouzwa kwa madai ya kurekebisha upendeleo wa uwanja katika mbio za kuigiza ni ulaghai, na hapahitajiki takwimu kuithibitisha kauli hiyo. Sheria ya Kudhibiti Michezo ya Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 1966, imeunda mamlaka mapya ya kusimamia sekta hiyo nchini, lakini mnunuzi wa utabiri hubakia na wajibu wa kuuliza mbio anazotabiriwa zinakimbiwa wapi.

Kuhusu Ngong, mfuatiliaji hahitaji tarakilishi ya gharama kubwa ili kuanza. Uwanja ni mmoja na farasi hukutana mara kwa mara, mambo yaliyomfaa Benter. Lisilokuwapo ni wingi. Ratiba rasmi itampa namba ya kizimba na uzani. Yeye mwenyewe aandike yale ambayo ratiba haiyasemi: kila farasi alipita wapi katika kona ya mwisho, ndani au nje na kwa makadirio ya mita ngapi, uzio ulikuwa umewekwa wapi, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na iwapo ilinyesha kati ya mbio. Kwa mfano wa siku 20 zenye mbio saba kila moja, msimu mmoja utampa mbio 140, na misimu minne 560.